Naogopa wodi ya TB, na nyumbani kuna mtoto mchanga

Shikamoo mama,

Mimi ni msichana wa miaka 22, mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Mombasa. Naomba usitaje jina langu wala la chuo. Naandika usiku. Kesho nina zamu ya asubuhi na sijui kama nitaenda.

Kwetu ni Kisauni, vyumba viwili katika nyumba ya kupanga, zile za ukumbi katikati. Chumba kimoja analala mama na bibi, ambaye ana kisukari. Cha pili nalala mimi, dada yangu na mtoto wake wa miezi mitano. Dirisha letu linatazamana na ukuta wa jirani, upepo hauingii hata wakati wa kusi. Mama anauza mahamri na mbaazi. Karo yangu analipa khalati aliye Jeddah, huu mwaka wake wa saba anafanya kazi za nyumbani kule.

Wiki tatu zilizopita darasa letu lilipangiwa wodi ya magonjwa ya kuambukiza kwa wiki sita. Wagonjwa wengi wana TB. Siku ya kwanza tulipewa barakoa ya N95 moja moja, tukaambiwa itutoshe wiki nzima. Hakuna aliyetuonyesha namna ya kuivaa, na mimi navaa ushungi, sikujua kamba zipite wapi. Mwalimu alisema mbele ya wote, "Muuguzi mwoga ni mzigo kwa wodi." Wenzangu walicheka, nami nikacheka, lakini nilijua anayesemwa ni mimi.

Siku ya pili nilipewa kazi ya kugawa chakula. Katika chumba cha mwisho yuko mzee wa kitanda cha sita, zamani alikuwa akifanya kazi bandarini. Nilisimama mlangoni nikamsikia anakohoa. Nikaweka sinia chini, nikalisukuma kwa mguu mpaka likagonga mguu wa kitanda. Nilidhani amelala. Akafungua macho, akaniambia, "Ahsante mwanangu. Siku nyingine liache hapo hapo mlangoni, nitalifuata mwenyewe." Hakusema kwa hasira. Bora angenitukana.

Tangu siku hiyo nimekosa zamu nne, nasema naumwa na tumbo. Kuna nesi mmoja wa wodi ile amenihurumia. Amesema yuko tayari kunitilia saini kitabu changu cha mazoezi kwa zamu zote zilizobaki, bila mimi kukanyaga. Hataki hata shilingi. Rafiki yangu ananiambia nikubali, wengi wamefanya hivyo.

Kinachonitisha zaidi ni kwamba mwaka jana mwanafunzi wa darasa lililotutangulia aligunduliwa na TB. Alimeza dawa miezi sita, akapona, lakini aliporudi watu walikuwa wakisogeza viti. Na chanjo ya homa ya ini nimepata sindano moja tu kati ya tatu, nyingine tuliambiwa tujilipie.

Nyumbani mama ameshajua niko wodi gani. Nikirudi nakuta ndoo ya maji na leso uani, nioge kabla sijaingia. Sahani yangu na kikombe changu vimetengwa, kikombe kimefungwa uzi mwekundu. Dada amehamia na mtoto chumbani kwa mama. Mama anasema, "Bora ukae nami tuuze mahamri kuliko kutuletea maradhi." Khalati hajui lolote. Juzi ametuma karo, na ujumbe wa sauti akiniita "sista wetu". Sijamjibu.

Mama, je, mimi sifai kuwa muuguzi? Nikubali ile saini? Niache chuo? Nikienda nikamwambukiza yule mtoto nitaishi vipi?

Mwenye hofu, Kisauni


JIBU

Marahaba mwanangu,

Nimeisoma barua yako, nikaiweka, nikairudia. Umeniuliza maswali manne lakini kila mstari una la tano, nalo ni yule mzee. Nitaanza naye.

Kabla ya kuingia katika kazi hii ya ushauri nilikuwa muuguzi. Nilianza wodini mwanzoni mwa miaka ya tisini, UKIMWI ukiwa umejaa vitandani na dawa hatuna. Dawa za kupunguza makali zilikuja kutolewa bure katika hospitali za serikali mwaka 2006, kwa hiyo hesabu mwenyewe ni miaka mingapi tuliwatazama watu wakiisha. Tulijua kwamba ugonjwa ule hauambukizwi kwa sahani, tulifundishwa darasani, tukaandika kwenye mtihani tukapata alama. Na bado nilisukuma sinia. Mimi kwa fimbo ya pazia. Mgonjwa alikuwa mwanamke wa umri wangu, alitazama ukutani mpaka nikatoka. Sikumwomba radhi, na baada ya siku tisa kitanda kilikuwa na mtu mwingine. Nakwambia haya ili ujue kwamba unayemwandikia anaijua aibu hiyo inakaa sehemu gani ya kifua.

Sasa tutazame ulichoniambia. Wewe umeandika kama mtu mwenye tatizo moja linaloitwa uoga. Mimi naona mambo matatu yamefungwa katika leso moja. Kuna hofu ya ugonjwa wenyewe. Kuna wodi ambayo haikukupa vifaa wala maelekezo. Na kuna nyumba yenu, ambayo imeamua wewe ni hatari kabla ya mtu yeyote kuuliza lolote. Mwalimu wako ameyaita yote hayo uoga, nawe ukapokea jina hilo bila kulikagua.

Naomba tulikague. Mwanafunzi anayeogopa kuingia chumba cha mgonjwa wa TB na barakoa asiyojua kuivaa, amekosea nini katika hesabu yake? TB husafiri kwa hewa. Hofu yako ilisoma chumba kile sawasawa. Ilichokosa ni mtu wa kuionyesha la kufanya. Mwaka 2000, Ebola ilipozuka Gulu kule Uganda, wauguzi wa hospitali ya Lacor walikuwa wakiwazika wenzao. Walifika mahali wakakusanyika, hawataki kuendelea. Daktari Matthew Lukwiya, aliyekuwa akiiongoza hospitali, hakuwaita mizigo. Alikaa nao, akawaambia anayetaka kuondoka aondoke, yeye atabaki. Wengi walibaki. Yeye mwenyewe alifariki Desemba mwaka huo, baada ya kumshughulikia muuguzi wa hospitali hiyo aliyekuwa akitoka damu, usiku mmoja ambao alivaa barakoa, gauni na glavu lakini hakuvaa kinga ya macho. Sikusimulii ili ujione mdogo mbele yake. Nataka uone vitu viwili: kwamba kiongozi aliyeijua hatari kuliko wote aliiheshimu hofu ya wauguzi wake, na kwamba ushujaa wake haukuziba nafasi ya kile kifaa kimoja.

Basi turudi kwenye kifaa chako. Barakoa ya N95 inafanya kazi pale inapogusa ngozi pande zote. Ukingo wa ushungi ukipita kati ya shavu na barakoa, hewa inapita hapo hapo, na ni kama hukuvaa. Vaa kofia ya ndani, funga kamba mbili juu yake, ya juu ipande kisogoni na ya chini ikae shingoni chini ya masikio, kisha ushungi uje juu ya vyote. Bana kile kibati cha puani kwa vidole viwili. Kisha pumua kwa nguvu. Ukihisi upepo kwenye macho au mashavuni, irekebishe. Dakika moja tu. Nimeona wauguzi wenye miaka kumi kazini ambao hawajawahi kuonyeshwa dakika hiyo. Barakoa ikilowa, ikikunjika au kamba ikilegea, haifai tena, hata kama wiki haijaisha.

Kuna jambo moja ambalo nadhani hujalifikiria, na ninalisema polepole kwa sababu linaweza kukutisha kwanza kabla halijakutuliza. Unamwogopa mzee wa kitanda cha sita kwa sababu ugonjwa wake umeandikwa kwenye kadi. Lakini mgonjwa wa TB ambaye vimelea vyake vinasikia dawa, akishameza dawa hizo wiki mbili hivi, uwezo wake wa kuambukiza huwa umeshuka sana. Anayemwaga vimelea ni yule ambaye hajagunduliwa. Yuko wodi ya kawaida, amelazwa kwa mguu uliovunjika, anakohoa wiki ya nne na hakuna aliyemuuliza. Yuko kwenye matatu ya kutoka Bombolulu, vioo vimefungwa kwa ajili ya mvua. Huenda yuko katika ukumbi wa nyumba yenu. Kwa hiyo ukiikimbia wodi ile, je, utakuwa umeikimbia TB, au utakuwa umeikimbia TB iliyo na jina? Sijibu. Nakuomba uliulize swali hilo ukiwa umetulia.

Kuna maswali ambayo una haki ya kumuuliza msimamizi wa wodi, wala si utovu wa adabu. Nani ameanza dawa na yuko wiki ya ngapi? Nani ana TB sugu? Hili la pili ni muhimu, kwa sababu wa TB sugu hesabu ya wiki mbili haimhusu moja kwa moja. Kipimo cha GeneXpert huonyesha ndani ya saa mbili hivi kama vimelea vinakataa rifampisini, moja ya dawa kuu za TB, kwa hiyo jibu lipo kwenye faili. Madirisha yanafunguliwa saa ngapi? Mombasa tuna upepo wa bure, na wodi iliyofunguliwa pande mbili hewa yake hubadilika kuliko yenye mashine mbovu. Na mgonjwa anayekohoa mwombe avae barakoa ya kawaida unapomkaribia. Yeye huzuia matone yake, wewe huzuia hewa.

Sasa nyumbani, ambako naona ndiko kunakouma.

Ndoo, leso, sahani, ule uzi mwekundu. Mama yako anakupenda, na anafanya kile ambacho mama yeyote asiyeelezwa angefanya. Lakini TB haikai kwenye kikombe wala haipandi juu ya nguo ikaingia nayo ndani. Kuoga ukitoka kazini ni jambo zuri, na mikono isafishwe daima, maana yako maradhi mengine yanayosafiri kwa mikono, kipindupindu kikiwa cha kwanza. Ila ule uzi haumkingi mtoto na chochote. Unachomkinga mtoto nacho ni hiki: alipozaliwa alichanjwa BCG? Kadi ya kliniki itasema, na aghalabu huacha kovu dogo kwenye mkono wa kushoto. Chanjo hiyo haizuii kila kitu, lakini huwakinga watoto wadogo na TB zile kali, ya ubongo hasa. Pili, wewe mwenyewe ukikohoa wiki mbili, ukitoka jasho usiku, ukipungua uzito, unapimwa siku hiyo hiyo, husubiri mtihani uishe. Kuambukizwa vimelea na kuugua ni vitu viwili tofauti. Katika watu kumi wenye kinga ya kawaida walioambukizwa, tisa hivi hawaugui maisha yao yote, na asiyeugua hamwambukizi mtu. Na hata ikitokea mtu wa nyumba moja ameugua, mtoto mdogo huchunguzwa na kupewa dawa za kuzuia asiugue. Kuna njia, mwanangu. Hakuna anayeweza kukuapia kwamba hatari ni sifuri, nami sitakuapia.

Bibi nusura nimsahau. Kisukari huongeza uwezekano wa TB kuamka mwilini, kwa hiyo sukari yake ikidhibitiwa vizuri, naye amekingwa. Na lile dirisha linalotazama ukuta, mazungumzo kulihusu yafanyike kwenu hata kama ungekuwa unasomea ushonaji.

Wazo langu, na unaweza kulikataa: mama yako asipewe hotuba. Siku moja akiwa anasukuma unga, keti naye, mwambie unachoogopa wewe kabla ya kumwondolea anachoogopa yeye. Naona hamjawahi kuogopa pamoja. Kila mmoja anaogopa upande wake wa mlango.

Kuhusu saini. Nesi yule ana huruma ya kweli, sitamsema vibaya. Lakini ukikubali, kitabu kitasema unajua kumhudumia mgonjwa wa TB, na utapelekwa mahali siku moja, labda zahanati yenye muuguzi mmoja tu, kwa kuaminiwa maandishi hayo. Hapo utakuwa na hofu hii hii, bila mwalimu na bila wenzako. Tena mkigunduliwa mnaanguka wawili, na yeye ana leseni na watoto wa kusomesha. Najua pia upande wa pili: zamu nne zimekwisha kukupita, na kusema ukweli kuhusu tumbo lisilouma kuna gharama yake. Huenda ukaadhibiwa. Huenda ukarudia kipindi. Lipime hilo nalo, usilipite kana kwamba halipo.

Njia nyingine ni kuomba kusogezewa kipindi hiki au kubadilishiwa wodi. Yako mazingira ambayo ni haki kabisa, kwa mfano kama kinga ya mwili wako iko chini, au kuna hali nyingine ya afya ambayo si lazima uniandikie mimi. Kama ipo, zungumza na daktari, si na darasa. Kama haipo, bado unaweza kuomba uanze upya na muuguzi mzoefu kando yako kwa zamu mbili tatu za mwanzo. Hatari ya njia hii ni kwamba utakutana na mwalimu yule na sentensi yake. Hatari nyingine ni kwamba kuahirisha huweza kuifuga hofu mpaka ikanenepa. Nimeona ikiwa hivyo kwa wengine, na nimeona wengine waliopewa mwezi mmoja wakarudi wakiwa watu wapya. Wewe unajijua uko upande gani.

Kama mko wengi mliopewa barakoa moja kwa wiki, mwende pamoja kuuliza, na mwandike. Barua ya wanafunzi kumi na wawili haiitwi uoga kirahisi. Mwenzenu aliyeugua mwaka jana anaweza kukubali kuzungumza nanyi pia. Hamjawahi kumuuliza, nadhani. Yeye anaujua upande wa pili wa sinia, na miezi yote sita ya kumeza vidonge, na viti vinavyosogezwa.

Kuacha chuo. Sitakwambia usiache. Kuuza mahamri ni kazi ya heshima, imekulea wewe. Wako watu ambao wakijipa muda wa kutazama hugundua hawautaki uuguzi, na wakiondoka wanaondoka salama. Ninachouliza ni kama unataka kuuacha uuguzi au unataka kuacha kuona aibu. Ukiacha chuo, mzee wa kitanda cha sita atabaki chuoni, au utakwenda naye nyumbani? Na khalati, vyovyote utakavyoamua, asije akaisikia habari hii kwa jirani. Miaka saba katika nyumba ya watu ni mingi. Mtu aliyestahimili hayo pengine anajua kitu kuhusu kufanya kazi ukiwa na hofu, kitu ambacho mimi na mwalimu wako hatukijui. Ujumbe wake umekaa bila jibu. Hata "ahsante khalati, nina jambo la kukueleza, nipigie ukipata nafasi" linatosha kwa leo.

Umeuliza kama unafaa kuwa muuguzi. Sina kipimo cha kulijibu hilo kwa barua, na ningekuwa nacho nisingekitumia. Nina nilichokisoma tu. Uliandika kurasa tatu, na sehemu uliyoieleza kwa undani kuliko zote ni uso wa mgonjwa na maneno aliyosema, neno kwa neno. Unakumbuka sauti haikuwa na hasira. Asiyejali hakumbuki sauti.

Yule mzee huenda bado yupo. Sijui utaingia tena chumba kile au la, uamuzi ni wako. Ukiingia, huna haja ya kujieleza sana. Wazee waliobeba magunia bandarini miaka yote hiyo wanajua hofu inafananaje. Weka sinia kwenye meza ya kando ya kitanda, kwa mkono, barakoa ikiwa imekaa vizuri. Mwamkie. Mwambie siku ile uliogopa. Yeye atasema anachotaka kusema. Mimi sikuipata nafasi hiyo, siku tisa zilikuwa chache.

Niandikie ukishazungumza na mama yako, hata kama mazungumzo yataharibika, hasa yakiharibika. Na zile sindano mbili za homa ya ini zilizobaki usizisubirishe. Homa ya ini aina ya B huambukiza kupitia mchomo wa sindano kwa urahisi kuliko HIV, nayo inaweza kukupata wodi yoyote utakayokwenda. Uliza katika hospitali ya serikali iliyo karibu nawe kama wanachanja wafanyakazi na wanafunzi wa afya bila malipo, kabla hujamwomba khalati pesa nyingine. Ukichomwa na sindano wakati wowote, osha kwa maji na sabuni, usikamue, na uripoti saa ile ile. Dawa za kuzuia HIV huanza mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72, na humezwa siku 28. Liandike hilo mahali utakapoliona, ndani ya jalada la kitabu cha mazoezi labda.